Hermann: Jina Alilopewa Marehemu

Juu ya kilima cha Grotenburg, karibu na mji wa Detmold kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, amesimama mwanamume wa shaba mwenye kofia ya mabawa, ameinua upanga wa mita 7. Yeye peke yake, toka nyayo hadi ncha ya upanga, ana mita zaidi ya 26. Ukijumlisha na jengo la mawe analolikanyaga, unapata mita 53 na ushei. Wajerumani humwita Hermann. Barabara zinazopanda kilimani zina jina hilo, na vikombe vinavyouzwa kwa watalii pia. Lakini mwenyewe angefufuka leo na kuitwa Hermann, asingegeuka. Katika uhai wake hakupata kuitwa hivyo hata siku moja. Jina hilo alipewa miaka 1,500 baada ya kufa.

Jina lenyewe ni la kale kweli. Katika Kijerumani cha zamani lilitamkwa Hariman au Heriman: hari ni jeshi, man ni mtu. Mtu wa jeshi, basi. Ila asije mtu akadhani kila mzazi aliyempa mwanawe jina hilo alimtaka awe askari. Makabila ya Kigermanik yalikuwa na akiba ya maneno yaliyozoeleka, kama vile jeshi, ushindi, vita, mkuki, mbwamwitu, kunguru, mng'aro, na jina la mtoto liliundwa kwa kuunganisha mawili. Ukoo ulipenda kurithisha kipande kimoja na kubadili kingine. Katika shairi la kale la Hildebrand, babu ni Heribrand, baba ni Hildebrand na mwana ni Hadubrand: kipande cha mwisho kinabaki, cha mwanzo kinabadilika, na asikiaye anajua hawa ni wa nyumba moja. Maana haikulazimika kukaa sawa. Wapo waliotoka na majina yaliyounganisha vita na amani katika pumzi moja, na hakuna aliyeshangaa.

Hermann wa kwanza tunaowaona vizuri katika maandishi ni wakuu wa karne ya 10. Mmojawao, Hermann Billung, aliaminiwa sana na Mfalme Otto wa Kwanza, hata mfalme alipokwenda Italia kutafuta taji la ukaisari alimwachia nchi ya Saksonia mikononi. Alifariki mwaka 973. Yeye alistahili jina lake kwa maana ya mkato: maisha yake yalikuwa vita vya mpakani dhidi ya Waslavi. Baada yake jina likasambaa kwa makabaila, mapadri na mafundi, na mtu anayenivutia mimi kuliko wote katika orodha hiyo hakuweza hata kushika upanga.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1013, mtoto wa Mwinyi Wolverad wa Altshausen, katika nchi ya Swabia. Tangu utotoni viungo vyake vilikuwa vimekakamaa. Hakuweza kutembea, na alikaa katika kiti alichobebwa nacho. Hata kujigeuza upande alihitaji msaada. Ulimi wake ulikuwa mzito, waliomsikiliza walipata taabu kumwelewa. Wazazi wake, waliokuwa na watoto wengi, walimpeleka akiwa na miaka 7 katika shule ya watawa wa Reichenau, kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Konstanz. Angeweza kusahauliwa huko. Badala yake akawa mwalimu ambaye wanafunzi walisafiri kutoka mbali kumfuata. Kwa Kilatini anaitwa Hermannus Contractus, yaani Hermann aliyekakamaa, na watu wa zama zake walimhesabu miongoni mwa wasomi wakubwa wa Ulaya.

Orodha ya aliyoyafanya inachosha kuisoma, seuze kuyafanya. Aliandika historia ya dunia kuanzia kuzaliwa kwa Yesu hadi mwaka wake wa mwisho, akipanga matukio mwaka kwa mwaka, na kwa karne ya 11 wanahistoria wanaitegemea mpaka leo. Aliandika juu ya hesabu za kalenda, juu ya muziki, na juu ya astrolabu, kile chombo cha kupimia nyota ambacho Ulaya ilikuwa ndiyo kwanza inakipokea kutoka kwa Waarabu wa Andalusia. Alieleza namna ya kukitengeneza, kitu ambacho mikono yake mwenyewe isingekiweza. Mapokeo yanamtaja pia kuwa mtunzi wa Salve Regina, sala ambayo Wakatoliki wa kwetu wanaifahamu kama Salamu Malkia na kuisali mwishoni mwa rozari. Wataalamu wengi siku hizi hawakubali kwamba ni yake. Hata tukiiondoa, kinachobaki kinatosha watu watatu wenye afya. Mwanafunzi wake Berthold, aliyeandika habari za maisha yake, anamweleza kuwa mtu mchangamfu na mpenda mabishano ya hoja. Alifariki Septemba 1054, akiwa na miaka 41.

Karne mbili baadaye Hermann mwingine alifunga safari hadi Toledo, Hispania, mji ambao vitabu vya Kiarabu vilikuwa vikigeuzwa kuwa vya Kilatini kwa kasi. Wahispania walimwita Hermannus Alemannus, Hermann Mjerumani. Mwaka 1256 alimaliza kutafsiri ufafanuzi wa Ibn Rushd juu ya kitabu cha Aristotle kuhusu ushairi. Wanachuoni wa Ulaya Magharibi, wengi wao wasiojua Kigiriki, walisoma mawazo ya Aristotle juu ya ushairi kwa muda mrefu kupitia kwa Mwislamu wa Cordoba na mfasiri huyu, pamoja na mifano ya mashairi ya Kiarabu iliyopenyezwa humo. Baadaye alipewa uaskofu wa Astorga. Wa tatu wa zama hizo, Hermann von Salza, aliliongoza Shirika la Mashujaa wa Kijerumani kuanzia 1210 hadi 1239, akawa mpatanishi kati ya Papa na Kaisari Friedrich wa Pili, na ndiye aliyefungua mlango wa mashujaa hao kuiteka Prussia. Kwa mtindo huu tungeweza kwenda ukurasa baada ya ukurasa.

Mitaani nako jina lilikatwakatwa. Watu wa kaskazini walisema Harm au Harmen. Huko Uholanzi, ambako watu wa kawaida hawakuwa na majina ya ukoo, mtoto alitajwa kwa baba yake: mchoraji Rembrandt, jina lake kamili, ni Rembrandt Harmenszoon van Rijn, yaani mwana wa Harmen. Mwana mwingine wa Harmen, aliyezaliwa Oudewater mwaka 1560, akawa mwanateolojia, na kama wasomi wa siku zile akataka jina la Kilatini. Akajiita Jacobus Arminius. Huyu ndiye aliyepinga fundisho la Calvin kwamba Mungu amekwisha kuwachagua tangu awali watakaookoka na watakaopotea. John Wesley alimfuata katika hilo, hata gazeti lake la mwaka 1778 akalipa jina la Arminius, na Wamethodisti waliofungua misheni Ribe, nyuma ya Mombasa, miaka ya 1860 walikuja na imani iliyopikwa na yule mwana wa Harmen.

Kwa nini Harmenszoon alichagua kuwa Arminius? Kwa sababu wakati wake kila msomi alikuwa anaamini kwamba majina hayo mawili ni jina moja. Hapo ndipo tunarudi kwa yule wa kilimani.

Alizaliwa yapata miaka 17 kabla ya Kristo katika kabila la Wacherusci, kandokando ya Mto Weser. Baba yake, Segimer, alikuwa mkuu wa kabila. Kijana aliingia katika jeshi la Warumi, akaongoza kikosi cha askari wa kabila lake, akapewa uraia wa Roma na cheo cha daraja la wapandafarasi. Warumi walimwandika Arminius. Jina hilo limetoka wapi, wataalamu hawajakubaliana: wengine wanaona ni jina la ukoo wa Kirumi alilopewa pamoja na uraia, wengine wanaona ndani yake neno la Kigermanik lenye maana ya ukuu. Kwa kuwa jamaa zake wengi majina yao yanaanza na Segi, ushindi, wapo waliokisia kwamba hata yeye nyumbani aliitwa Segi-fulani. Wanalokaribiana nalo wote ni kwamba hari, jeshi, halimo.

Mwaka 9 baada ya Kristo, gavana wa Kirumi Publius Quinctilius Varus alikuwa akirudi kambini kwa majira ya baridi. Alikuwa na vikosi vitatu vikuu, cha 17, cha 18 na cha 19, pamoja na askari wasaidizi. Jumla yao hukadiriwa kati ya 15,000 na 20,000. Varus alikuwa ametawala nchi ile kama iliyokwisha kushindwa, akitoza kodi na kuhukumu kesi kwa sheria za Roma. Arminius alikula naye meza moja. Segestes, mkuu mwingine wa Wacherusci, alimwonya gavana kwamba kijana yule anapanga uasi, asisikilizwe. Safu ya Warumi ikaingia katika misitu na mabwawa, mvua ikanyesha, njia ikawa nyembamba, na kwa siku tatu ikakatwa vipande. Varus alijiua kwa upanga wake. Kichwa chake kilifikishwa Roma, na inasimuliwa kwamba Kaisari Augusto aliacha nywele na ndevu zikue kwa miezi, akijigonga kichwa mlangoni na kumdai marehemu vikosi vyake. Namba za vikosi vile vitatu hazikutumika tena.

Sehemu ya vita hivyo ilitafutwa kwa karne nyingi. Mwaka 1987 ofisa wa jeshi la Uingereza, Tony Clunn, aliyekuwa akifanya kazi Osnabrück, alipitisha kifaa chake cha kutambua vyuma katika mashamba ya Kalkriese akapata sarafu za fedha za Kirumi, kisha risasi za kombeo. Wachimbaji waliomfuata walipata mifupa ya watu na ya nyumbu na barakoa ya chuma ya mpandafarasi. Wengi sasa wanakubali kuwa ni hapo. Ni makumi ya kilomita mbali na sanamu, ambayo kwa hiyo inaadhimisha mtu kwa jina lisilo lake mahali pasipo pake.

Ushindi ule haukumpa raha. Alikuwa amemtorosha Thusnelda, binti wa yule Segestes aliyemwonya Varus, akamwoa. Mwaka 15 Segestes akamkabidhi bintiye, akiwa na mimba, kwa jemadari wa Kirumi Germanicus. Mtoto Thumelicus alizaliwa mateka, na mwaka 17 mama na mwana walipitishwa katika mitaa ya Roma kwenye maandamano ya ushindi, Segestes akitazama kutoka jukwaa la wageni wa heshima. Ndugu yake Arminius, aliyeitwa Flavus, alibaki upande wa Roma, na mwanahistoria Tacitus anasimulia jinsi ndugu hao wawili walivyobishana kwa kupaaziana sauti, mmoja ng'ambo hii ya Weser na mwenziwe ng'ambo ile, mmoja akihesabu nishani zake na mwingine akimdhihaki kwa malipo duni ya utumwa. Miaka michache baadaye Arminius aliuawa na jamaa zake, waliomshuku kuwa anataka ufalme.

Yote haya tunayajua kutoka kwa maadui zake. Yeye na watu wake hawakuacha mstari mmoja ulioandikwa. Na katika zile karne zote za akina Billung, Contractus na von Salza, hakuna dalili kwamba kuna mzazi aliyekuwa akimfikiria anapombatiza mwanawe. Jina liliishi bila yeye, naye alikufa bila jina.

Kilichowakutanisha ni kitabu kilichokuwa kimelala. Sura za kwanza za Matukio ya Tacitus zilikuwa zimebaki katika nakala moja, katika monasteri ya Corvey, ambayo, kwa kejeli ya mambo, ipo ukingoni mwa Mto Weser wenyewe. Nakala hiyo ilifika Roma mwanzoni mwa karne ya 16, na mwaka 1515 ikachapwa. Wasomi wa Kijerumani wakasoma humo kwamba adui mwenyewe amemkiri mtu huyu kuwa mkombozi wa Germania. Wakati huohuo walikuwa wamekasirishwa na kodi za Papa, na Roma ya Papa na Roma ya Augusto, kwa mwenye hasira, ni Roma tu. Ulrich von Hutten aliandika mazungumzo ambamo Arminius anadai heshima yake mbele ya majemadari wa kale. Martin Luther alisema anampenda kwa moyo wote, na kwamba Walatini walikuwa wameliharibu jina lake: hakuwa Arminius, alikuwa Hermann, mtu wa jeshi. Hoja hiyo haikuwa na ushahidi zaidi ya mfanano wa sauti, lakini ilikuwa tamu, na ukitaka jambo liaminiwe kwa miaka 300 utamu unatosha.

Kuanzia hapo kila zama ilijitengenezea Hermann wake. Lohenstein alimwandikia riwaya ya maelfu ya kurasa. Klopstock akamtungia tamthilia mwaka 1769. Kleist, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Napoleon, aliandika mwaka 1808 tamthilia ya kutisha ambamo Hermann ni mwongo na mkatili kwa ajili ya taifa; kila mtu alielewa kwamba Warumi wa jukwaani ni Wafaransa, na mwandishi alikufa bila kuiona ikiigizwa. Goethe peke yake ndiye aliyelirudisha jina nyumbani: Hermann wa utenzi wake Hermann na Dorothea, wa mwaka 1797, ni mtoto wa mwenye nyumba ya wageni anayempenda binti mkimbizi.

Kisha akaja Ernst von Bandel, mchongaji aliyetoa maisha yake kwa sanamu ile. Alianza mwaka 1838. Mwaka 1846 jengo la chini lilikuwa tayari lakini pesa zilikwisha, na kwa miaka mingi kilimani kukabaki kibao cha mawe kisicho na mtu juu yake. Mshairi Heinrich Heine aliucheka mradi huo kwa beti, huku akikiri kwamba naye amechangia. Ujerumani ilipoungana mwaka 1871 baada ya kuishinda Ufaransa, fedha za serikali zikapatikana. Tarehe 16 Agosti 1875 sanamu ilizinduliwa mbele ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza, upanga juu, uso ukielekea magharibi. Bandel alikufa mwaka uliofuata. Wahamiaji wa Kijerumani huko Marekani walikuwa na chama cha Wana wa Hermann tangu 1840, na mji unaoitwa Hermann katika jimbo la Missouri tangu 1837. Mwaka 1897 walizindua sanamu yao ya Hermann kule New Ulm, Minnesota. Ile ya Detmold haikuachwa ipumzike: mwaka 1999 ilivishwa jezi kubwa kupita kiasi ya klabu ya Arminia Bielefeld, klabu ya mji jirani iliyochukua jina la Arminius mwaka 1905.

Katika mawimbi hayo ndipo wazazi wa Frankfurt an der Oder walipompa mtoto wao wa 1853 jina Hermann. Huyu tunamjua. Ni Hermann Wissmann, aliyelivuka bara kutoka Luanda hadi Saadani kati ya 1880 na 1882, kisha akarudi mwaka 1889 akiwa na kazi nyingine. Mwaka uliotangulia Sultani Khalifa wa Unguja alikuwa ameikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Huko Pangani mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, alipandisha bendera ya kampuni kwa nguvu na kuwatendea wenyeji kama waliokwisha kushindwa. Pwani ikawaka moto, Abushiri bin Salim al-Harthi akiongoza Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akiongoza Saadani. Bunge la Berlin likatoa marki milioni 2. Wissmann akakusanya Wasudani wapatao 600 huko Misri, akaongeza watu kutoka Msumbiji, akalivamia boma la Abushiri karibu na Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889. Abushiri, baada ya kukamatwa kwa msaada wa wenyeji wa bara, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890, na Wissmann akaongezewa “von” mbele ya jina lake.

Sioni namna ya kuyasoma matukio haya bila kumkumbuka Varus. Jina lililokuwa limewekwa kilimani kama nembo ya mtu wa msituni aliyeikataa dola, linashuka Bagamoyo likiwa limevaa sare ya dola. Na dola ilipata msitu wake. Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alipandishwa cheo akapewa kikosi kwenda kuwaadhibu Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, miaka 16 na siku moja baada ya uzinduzi wa Detmold, safu yake ndefu ilikuwa ikipita katika vichaka vya Lugalo bila doria ya maana, na watu wa Mkwawa, mkuu wa Wahehe, waliokuwa wamelala mafichoni wakaiangamiza kwa dakika chache. Zelewski alikufa hapo pamoja na sehemu kubwa ya askari wake.

Kuna tofauti moja ambayo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujivunia. Habari za Arminius ziliandikwa na Warumi pekee. Vita vya pwani vina shahidi wa upande wa pili. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pwani ya Tanga, alivitungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, kwa lugha ya waliopigwa. Wacherusci hawakupata mtu kama huyo.

Wissmann alikuwa gavana kwa muda mfupi, 1895 hadi 1896, akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mawindoni huko Austria mwaka 1905. Meli iliyobeba jina lake katika Ziwa Nyasa ilishambuliwa Liuli, Agosti 1914, na meli ya Waingereza ambayo nahodha wake alikuwa rafiki wa nahodha Mjerumani. Huyu wa pili hakuwa hata amepata habari kwamba vita vimeanza. Sanamu ya Wissmann ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1909 na askari Mwafrika akimtazama kwa chini, iling'olewa na Waingereza na kuishia Hamburg, ambako mwaka 1922 ilisimikwa mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1967 wanafunzi waliifunga kamba wakaivuta chini. Ikarudishwa. Mwaka 1968 wakaivuta tena, na safari hiyo haikurudi.

Ni haki kumtaja hapa Hermann mwingine wa nchi za joto. Hermann Gundert wa Stuttgart alifika India mwaka 1836, baadaye akatumikia Misheni ya Basel, ileile iliyomsomesha mmisionari Krapf wetu wa Rabai. Aliandika sarufi ya Kimalayalam na, mwaka 1872, kamusi ambayo bado inaheshimiwa. Sanamu yake ipo Thalassery, Kerala, na hakuna aliyeifunga kamba. Mjukuu wake aliyezaliwa Calw mwaka 1877 alipewa jina hilohilo la babu: ndiye mwandishi Hermann Hesse.

Mwishoni mwa karne ya 19 jina lilikuwa kati ya yaliyopendwa kabisa Ujerumani, na Wayahudi wa nchi hiyo walilipenda vilevile, kwa kuwa walijiona Wajerumani kama wengine. Mwanafalsafa Hermann Cohen wa Marburg ni mmoja wao. Mwaka 1893 daktari tajiri mwenye asili ya Kiyahudi, Hermann Epenstein, alikuwa rafiki wa familia moja ya mtumishi wa makoloni, na mtoto mchanga wa familia hiyo akapewa jina kwa heshima yake. Mtoto huyo alikuwa Hermann Göring. Miaka 45 baadaye, Agosti 1938, serikali ambayo Göring alikuwa miongoni mwa vigogo wake ilitoa amri kwamba Myahudi yeyote ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya majina ya Kiyahudi aongeze “Israel” akiwa mwanamume, “Sara” akiwa mwanamke. Hermann halikuwa kwenye orodha. Wazee wa Kiyahudi waliokuwa na jina lilelile la Göring walilazimika kuandika Hermann Israel katika kila karatasi.

Göring alijiua kwa sumu gerezani Nuremberg tarehe 15 Oktoba 1946, saa chache kabla ya kunyongwa. Majuma machache baadaye Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilitolewa kwa Hermann Hesse, aliyekuwa ameishi Uswisi kwa miaka mingi, na ile ya Tiba kwa Hermann Joseph Muller wa New York, mjukuu wa wahamiaji wa Kijerumani, kwa kuonyesha kwamba miali ya eksirei hubadilisha chembe za urithi. Msomaji wa magazeti wa mwaka ule alikutana na jina hilo mara tatu, kwa sababu tatu zisizofanana kabisa.

Wazazi wa Kijerumani waliliacha polepole baada ya vita, na Hermann wengi wa leo ni wazee. Katika miaka ya 1980 jina lilipata kazi ya ajabu: donge la unga uliochachuka, ambalo mtu hulilisha kwa siku kadhaa, huoka keki kwa sehemu yake na kuwagawia majirani iliyobaki, liliitwa Hermann na likazunguka jikoni kote Ujerumani hata watu wakaanza kulikimbia. Arminia Bielefeld nao wanaendelea. Mwaka 2025, wakiwa timu ya daraja la tatu, waliitoa Bayer Leverkusen na kufika fainali ya Kombe la Ujerumani, wakafungwa na Stuttgart 4-2.

Nje ya Ujerumani jina halijui uzee. Wamisionari walilileta kwetu, na katika familia za Kikristo za Tanzania Herman si jina geni. Wafaransa walikuwa wameligeuza kuwa Armand, Waitaliano Ermanno, Wareno na Wahispania Armando. Wareno wakalipeleka Msumbiji. Mwaka 1943, katika mkoa wa Nampula, alizaliwa Armando Emílio Guebuza, ambaye ujanani alivuka mpaka kuja Tanzania kujiunga na FRELIMO na kuchukua silaha dhidi ya Wareno hao hao, na kati ya 2005 na 2015 akawa rais wa tatu wa Msumbiji huru.